Kabla ya Kupanda Basi Kwenda Nyumba ya Mayembe

(Mazungumzo na walimu wa Kiswahili, Jinja, wakati wa likizo)

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, hamjambo. Nimepewa nusu saa na harufu ya chai naisikia kama mnavyoisikia ninyi, kwa hiyo sitazunguka. Mmeniomba nieleze namna ya kuandaa safari ya wanafunzi kwenda Makumbusho ya Uganda, pale Kira Road, Kamwokya. Nianze na aibu yangu.

Safari ya kwanza niliwapeleka kidato cha pili. Kutoka hapa hadi Kampala ni kilomita 80 hivi, nikajidanganya kwamba ni karibu. Tulipopita msitu wa Mabira tukafika Namawojjolo, nikaruhusu basi lisimame. Mnaijua Namawojjolo. Wauzaji walivamia madirisha na vijiti vya kuku na gonja, ndizi zile, za kuchoma, na tulipomaliza kudaiana chenji saa nzima ilikuwa imekwenda. Foleni ya Kampala ikala saa nyingine. Tukaingia makumbusho saa sita mchana, watoto wameshiba, macho yanafumba. Walipita vyumba vyote kama upepo, dakika 40, wakaishia kupigana picha mbele ya Mercedes aliyoitumia Idi Amin. Jumatatu darasani nikauliza, "Mliona nini?" Darasa zima: "Gari la Amini!" Michango yote ile ya wazazi, ndugu zangu, ilikwenda kwenye gari.

Tangu siku hiyo simpakii mtoto kwenye basi bila kitu kimoja anachokwenda kukitafuta, na swali moja la kukiuliza: umefikaje hapa? "Hiki ni nini" anajibiwa na kibandiko. "Kimefikaje hapa" litamfanya amfuate mwongozaji na kumsumbua, na mimi sijakutana na mwongozaji aliyechukia kusumbuliwa.

Chukueni simbi. Kile kigamba kidogo cheupe, kina mgongo laini na mdomo wenye meno, kinalala katikati ya kiganja kama punje kubwa ya hindi. Mtakiona kimeshonewa kwenye ngozi, kwenye mikanda, kwenye vitu vya matambiko. Mtoto wa Jinja anakitazama anaona pambo. Mwulize: katika Ziwa Nalubaale lote, yaani Victoria, umewahi kuokota simbi? Hakuna. Hicho ni kigamba cha bahari, kimepanda huku kwa miguu ya wapagazi, mkono kwa mkono, kutoka Bahari ya Hindi. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna wa Pili, mfalme wa Buganda, na nyuma yake misafara ya pwani ikaja na vitambaa, bunduki, Uislamu, na lugha hii ninayosema nanyi sasa. Halafu mwambie ataje pesa kwa Luganda. Atasema ensimbi. Mwacheni asimame hapo kidogo. Kila asubuhi mama yake anahesabu ensimbi sokoni na hajui kwamba anataja kigamba kile. Kuna watu hapa Uganda bado wanasema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Mimi siku hizi sibishani nao, nawapeleka kwenye kabati la simbi.

Jumba lenyewe nalo liulizeni swali hilohilo. Lilianza mwaka 1908, ndilo kongwe kuliko yote Afrika Mashariki, na mwanzo lilikaa ndani ya ngome ya Lugard, yule afisa wa kikoloni wa Kiingereza, pale Old Kampala. Kwa kuwa mle mlihifadhiwa vitu vya matambiko, watu wakaliita Enyumba ya Mayembe. Mwanafunzi wangu mmoja, Mswahili hasa, alidhani ni ghala la matunda! Mayembe ni pembe, neno letu lilelile limevaa kanzu ya Kiganda: pembe za dawa, zenye nguvu zake. Baadaye mkusanyo ukahamia Makerere, na mwaka 1954 ukaingia jengo la sasa, lililochorwa na Mjerumani Ernst May. Mwambieni mtoto atazame juu, aone mwanga unaingilia wapi.

Kuna vitu vilivyosafiri kwa uchungu zaidi. Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, yule aliyeruka mawinguni akipiga mishale, vitu vya hekalu lake, pamoja na taya lake, vilichukuliwa na mmisionari John Roscoe vikapelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kwa Waganda wa zamani taya si mfupa tu. Roho ya mkubwa hukaa hapo. Vilirudi mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Na mwaka 2024 Cambridge ikaleta vitu vingine 39, ila kwa mkopo. Neno "mkopo" hilo wapeni kidato cha nne waandikie insha.

Na muwape kikundi kimoja kitu ambacho hawatakipata. Ukitaja Luzira, kila mtu anawaza jela. Mwaka 1929 wafungwa wakichimba pale walifukua kichwa cha udongo wa kufinyanga, cha kale sana. Kiko London, British Museum. Watoto watazunguka makabati yote wakikitafuta, watarudi na hasira kidogo. Hasira hiyo ni nzuri.

Mengine ni ya haraka. Nenda mwenyewe kwanza, peke yako, bila watoto. Piga simu uulize kiingilio cha wanafunzi na kama siku hiyo kuna shule nyingine tano. Pita Ntinda na Bukoto, usiingie katikati ya mji. Chakula kiliwe baada, kule nyuma kwenye nyumba za asili. Chumba cha ala za muziki kiwe cha mwisho, maana ukianza nacho hutoki: amadinda tu, marimba yale yanayolazwa juu ya vigogo vya migomba, yanataka watu watatu juu ya ala moja, wawili wanapokezana mapigo na wa tatu anagonga mbao mbili za mwisho.

Naona mzee ameinua mkono. … Mzee anauliza: sisi Waislamu, tuwapeleke watoto wetu kuangalia mayembe?

Mzee wangu, ahsante, nililingoja swali hilo. Ile ngome ya Lugard ilipokuwa, kilima kilekile, leo umesimama msikiti mkuu wa taifa. Siku ya safari tutaswali adhuhuri pale, inshallah, na mnara unapandwa. Watoto wakiwa juu, wewe ndiye utakayewaonyesha nyumba ya mayembe ilikuwa wapi. Nafasi yako kwenye basi nimeshaiandika.