Bango la chips ndani ya Minecraft: tulivyolipia seva yetu Dodoma

Haya wakuu, tuanze, walioko nje watatukuta njiani. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi kama hii wengine mngekuwa mnadani Msalato mnakula nyama, kwa hiyo sitawachosha.

Naanza na hela maana ndo iliyotuleta hapa. Seva yetu ya Minecraft, yaani kompyuta ya kukodi ambayo wachezaji wa hilo gemu la kujenga kwa matofali wanakutana humo kupitia intaneti, tuliianza washkaji sita, tukakodi yenye RAM (kumbukumbu) giga 4, elfu 30 kwa mwezi, kila mtu anachanga elfu 5. Mwezi wa kwanza wote wametoa. Wa pili wametoa wanne. Wa tatu nimelipa mimi na mshkaji mmoja, wengine wote "ntakutumia jioni", na hiyo jioni mpaka leo jua halijazama. Wakati huo wachezaji wameshafika 40, madogo wa Kisasa, Area C, Nkuhungu, wanafunzi wa UDOM, wote wanacheza bure, na seva ikianza kukwama wanaotukana ni haohao wa bure.

Sasa kuna mtu atakwambia uza vitu humohumo ndani, uza panga kali, uza vyeo. Hapana. Mojang, wenye Minecraft, walishasema toka Juni 2014, na kuanzia Agosti 1 mwaka huohuo wakaanza kubana, hairuhusiwi kuuza kitu kinachompa mtu nguvu kuliko wenzake. Wakaacha vimilango vichache tu: kiingilio, michango, urembo kama kofia na mavazi, na matangazo au udhamini. Watu walichukia sana kipindi kile, mimi naona walikuwa sahihi, maana kama mwenye hela ndo mshindi hilo siyo gemu tena, ni mnada. Kiingilio hakuna atakayelipa, michango nishawaambia ilivyoishia. Tukabaki na matangazo.

Na matangazo kwenye magemu ni ya zamani kuliko wengi wetu humu. Mwaka 1978 kuna gemu la maandishi matupu linaitwa Adventureland, humo ndani lilikuwa linatangaza gemu lingine la jamaa huyohuyo aliyelitengeneza. Mwaka 2008 Obama yuko kwenye kampeni akanunua mabango ndani ya Burnout Paradise, unakimbiza gari unakutana na sura yake barabarani. Ila hela za namna ile zinaenda kwa wakubwa wenye gemu. Mwenye seva, yule anayehangaika na bili, upenyo wake aliupata kwenye Counter-Strike, lile gemu la kupigana risasi, kwenye dirisha la MOTD, yaani ujumbe wa siku, linalotokea ukiingia, ambalo kazi yake ni kukusomea sheria, usitukane, usichiti. Kwa vile linaweza kufungua ukurasa wa intaneti humohumo, watu wakaweka matangazo, kila mtu akiliona tangazo, mwenye seva anapata chochote kitu. Safi kabisa. Halafu tamaa ikaingia, wengine wakafunga dirisha usilitoe mpaka video iishe, wengine video inaendelea kulia kwa chini hata huioni, umejibanza nyuma ya boksi unasikilizia hatua za adui, mara unasikia mtu anakuuzia sabuni! Wachezaji wakaambizana komandi moja, cl_disablehtmlmotd 1, inayozima hilo dirisha, kwisha habari.

Na sisi tulipita hukohuko, tulikuwa na kaseva ka Counter-Strike pembeni, tukajiunga na mtandao mmoja wa matangazo wa nje, jina naliacha. Dirisha mara nyingi linakuja tupu kwa sababu hakuna aliyelipia kumfikia mtu wa Dodoma, na likija na kitu ni duka la Marekani ambalo hata Dar halileti mzigo. Wiki ya kwanza senti 40 za dola. Kutoa hela mpaka ufikishe dola 50, na kwa simu haitoki. Nikapiga hesabu nikapata zaidi ya miaka miwili, nikacheka peke yangu.

Na muda wote huo jibu tulikuwa tunalila kila jioni. Kuna jamaa anakaanga chips kule Ng'ong'ona, nusu ya wachezaji wetu ni wateja wake. Nikamwendea, kaka nataka nikuwekee bango. Akauliza litakaa wapi. Nikamwonyesha kwenye simu, akaangalia weee, akasema "hii nyumba ya nani?" Nikamwambia siyo ya mtu, ila jioni wanapita hapo watu 40. Akakubali elfu 10 kwa mwezi, nusu hela nusu chips.

Kulitengeneza sasa. Unabandika ramani kwenye fremu ukutani, kila ramani ni pikseli 128 kwa 128, sisi tulipanga nne kwa upana na mbili kwa urefu, kwa hiyo picha nzima 512 kwa 256. Ni ndogo, ukijaza maneno hayasomeki, matano yanatosha. Na rangi za ramani zinahesabika, chips zake zilitoka kama matofali, ikabidi nirudie mara tatu. La kwanza niliweka njia ya mgodini, madogo wakalilipua na TNT, baruti ya humo ndani, siku ya pili, tukalihamishia lobi pale watu wanaposubiri raundi na plagini, kiprogramu cha nyongeza cha seva, inalilinda. Pale mtu hana cha kufanya, ataangalia tu, na hujamkatizia mchezo wake.

Chini tukaandika neno la siri, "obsidiani". Ukilitaja unaongezewa mshkaki mmoja, na jamaa anachora mstari kwenye daftari lake la madeni. Mwezi wa kwanza mistari 23. Hapo ndo stationari wakaja, kinyozi akaja. Na watu wa kubeti wakaja pia, wanatoa mara tano, nikakataa, kubeti ni kuanzia miaka 18 kwenda juu na mimi nina mchezaji anayetoka hewani saa mbili kamili kwa sababu mama yake anamwita kulala.

Swali, ndiyo dada wa pale nyuma. Seva ikizima je, hela inarudishwa? Ilitutokea. Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikasumbua nchi nzima, seva yetu iko Ulaya, hakuna anayeingia. Stationari nikamwongezea siku. Nikaenda kwa jamaa wa chips nimeshajiandaa kuomba radhi, nikakuta mabenchi yamejaa, madogo wote wapo pale hawana cha kucheza. Akaniuliza hiyo kitu inaweza kuzimwa tena lini.