Rejista Isiyosomwa

Mwenyekiti wa kikao, wakuu wa vyuo, wakufunzi wenzangu, nawashukuru kwa kunialika tena hapa Kisumu, ingawa najua wamo ukumbini walionisikia nikiyasema haya haya, kuhusu wanafunzi wanaoacha masomo njiani, Kakamega na Nakuru, na ambao tayari wameanza kutazama saa. Watanivumilia. Historia ya vyuo vyetu vya kiufundi sitaigusa, kwa kuwa hakuna asiyeijua hapa. Nitaanza na rejista.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha uchomeleaji katika chuo ambacho sitakitaja, maana kosa lenyewe lilikuwa langu. Kila asubuhi niliita majina, nikatia alama, nikaufunga ule mkoba wa karatasi na kuupeleka kwa mkuu wa idara, naye akauweka juu ya mingine. Darasani palikuwa na kijana mmoja kutoka Obunga, mwenye mkono mtulivu kupita wenzake wote, ambaye alianza kukosa masomo siku za Jumanne na Alhamisi. Wiki ya tatu alikosa, ya nne akakosa, ya tano akakosa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yupo, tena amefika mapema. Mtoto wa darasa la nne angeuona utaratibu huo mara moja. Mimi na vyeti vyangu sikuuona, kwa sababu rejista ile nilikuwa nikiiandika tu, siisomi. Wiki ya sita akatoweka kabisa, nasi katika mkutano wa idara tukaandika neno tunalolipenda sana: mtoro.

Nilikwenda kwao kwa boda boda, na msinisifu kwa hilo, kwani nilichokifuata ni miwani ya kuchomelea aliyokuwa ameiazima chuoni. Uani nikakuta ovaroli moja imeanikwa, ingali ikichuruzika maji. Ilikuwa ya watu wawili. Kaka yake alikuwa akipata kibarua siku mbili kwa wiki katika vibanda vya jua kali vya Kibuye, na fundi wa huko hakumruhusu mtu kushika mashine bila ovaroli. Siku hizo mbili kaka aliivaa, na siku tatu zilizosalia zilikuwa zamu ya mdogo. Kisha kaka akapata kazi ya wiki nzima. Nilimuuliza kijana kwa nini hakunieleza, naye akajibu kwa adabu, macho chini, "Mwalimu, ulisema asiye na ovaroli asisogee mlangoni." Ni kweli nilisema, tena kwa sauti kubwa. Na katika stoo yangu, nyuma ya mitungi ya gesi, zilikuwamo ovaroli nne zilizoachwa na waliohitimu. Alirudi siku iliyofuata, lakini tathmini mbili zilikuwa zimekwisha kumpita, ikambidi arudie muhula mzima kwa ajili ya vazi ambalo panya walikuwa wakililalia.

Atasimama mtu aniambie kwamba kiini cha haya yote ni karo, na kwamba mimi nahangaika na nguo. Karo ni mzigo, sikatai. Lakini mwaka wa 2018, serikali ilipoanza kulipa shilingi 30,000 kati ya karo ya shilingi 56,420 kwa kila mwanafunzi, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ukawepo kwa salio, wengi wetu tulidhani tatizo la kuacha masomo limepata dawa. Madarasa yakajaa kwelikweli. Waliojaa Septemba, je, wote walikuwepo Aprili? Mkopo hulipa karo, na wakati mwingine huja umechelewa. Nauli ya matatu kutoka Ahero huhitajika leo asubuhi.

Mwingine ataniambia kwamba hawa ni watu wazima, na kwamba chuo si chekechea cha kumfuata mtu nyumbani. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naitambua kabla msemaji hajafungua kinywa. Mtu mzima akikosa kazini siku tatu, msimamizi wake humpigia simu, na hakuna anayesema kiwanda kimegeuka chekechea.

Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka wa 2007 mpango kwa wanafunzi wa vyuo vyake vya miaka miwili, ambao walipewa vitabu, mshauri mwenye wanafunzi wachache, na kadi ya nauli ya kila mwezi ambayo hupati mpaka uwe umeshiriki mpango ipasavyo, ikiwemo kuonana na mshauri huyo. Watafiti walipowagawa kwa kura wanafunzi wa kipato cha chini waliohitaji masomo ya kujazia, walikuta kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa katika mpango walikuwa wamehitimu, ilhali wenzao wa nje ya mpango walikuwa asilimia 22. Najua Marekani wana pesa. Hata hivyo, ingawa kila mwanafunzi aligharimu zaidi, kila mhitimu aligharimu pungufu, kwa kuwa anayeacha njiani naye huwa ameshatumiwa fedha. Mhasibu yeyote aliye hapa anaweza kuipiga hesabu hiyo kwa chuo chake.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano, kwa hiyo yaliyosalia nitayapitia mbio. Wasichana wenye watoto wachanga wanahitaji ratiba ambayo haianzi saa moja asubuhi, na hilo halihitaji bajeti. Kijana aliyepata D ya kutoa katika mtihani wa kidato cha nne na kuingia kozi ya ufundi stadi hapaswi kukumbushwa alama hiyo na mkufunzi wake kila anapokosea kipimo. Kuhusu mafunzo ya viwandani, ambako wengi hupotea bila yeyote kujua, nilikuwa na mengi, lakini itabidi mnialike tena.

Katika barua ya mwaliko niliomba kila idara ije na rejista ya muhula huu. Naona zilizoletwa hazifiki kumi. Wenye nazo, tukutane kwenye meza ya nyuma wakati wa chai, tufungue wiki ya tatu hadi ya sita, na kila mmoja awe na simu yenye salio.