Vakansi yangu ESA: nilivyoitazama Nyiragongo kwa rada

Jambo yenu wote! Salamu Goma: Birere, Katindo, Himbi, Majengo, na nyinyi mlio Sake na Gisenyi. Maman, najua unatazama: nakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Leo nawaeleza kazi niliyofanya vakansi hii. Nilikuwa kwenye staji ya wanafunzi katika Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, kituo cha ESRIN, mjini Frascati karibu na Roma. Roketi hamtaziona pale, zinarukia Kourou, Guyana ya Wafaransa. Frascati kazi ni kuitazama dunia kwa setelaiti. Na mji wenyewe uko kwenye vilima vya volkano ya zamani, mimi mtoto wa Goma nikajisikia kwetu.

Niliwekwa kwenye data za Sentinel-1. Setelaiti hii inapita kilomita 693 hivi juu yetu, na haihitaji jua. Inatuma mawimbi ya rada, yanagonga ardhi, yanarudi. Usiku si kitu kwake, mawingu si kitu. Mnajua Nyiragongo, volkano yetu ya Goma, inavyojifunika, siku nyingi huuoni mlima. Rada inauona. Unachukua vipimo vya mapito mawili, unalinganisha. Kama ardhi ilisogea, zinatokea pete za rangi kwenye picha, na kila pete ni sentimita 2.8 hivi za ardhi kuisogelea setelaiti au kuwa mbali nayo.

Niliruhusiwa kuchagua mahali pa kujifunzia. Nikachagua Goma, Mei 2021.

Mnakumbuka ile Jumamosi, tarehe 22, Nyiragongo ilipolipuka. Mbingu nyekundu, watoto mgongoni, watu wanakimbilia Gisenyi na Sake. Lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kisha matetemeko, mchana na usiku, mpaka tarehe 27 tukaamriwa kuhama. Watu walikuwa wanauliza: lava imesimama, mbona ardhi haitulii? Zile pete zinajibu. Zinatoka mlimani, zinashuka kusini, zinapita katikati ya mji, zinaingia ziwani. Magma, ule mwamba ulioyeyuka ambao bado uko chini ya ardhi, ilikuwa imejipenyeza chini ya Goma, chini ya nyumba zetu, mpaka chini ya ziwa Kivu. Nikautafuta mtaa wetu kwenye skrini, nikaukuta ndani ya zile rangi. Siku ile sikufanya kazi nyingine.

Sitawadanganya: setelaiti haikutuonya. Kabla ya mlipuko, ardhi haikuonyesha dalili ya kuvimba ambayo rada ingeishika mapema. Na mazuku, ile hewa inayoua watu wetu mabondeni, rada haiioni kabisa. Huko anahitajika mtu mwenye kipimo mkononi, anayejua shimo liko nyuma ya nyumba ya nani. Ndiyo maana nasema kazi hii haiwezi kufanywa na watu wa mbali peke yao. Waangalizi wa volkano wa Goma wanapanda ule mlima, na wanahitaji vijana wa kuwasaidia kusoma haya mambo.

Sasa wadogo zangu wa vyuo. Staji ya ESA ni kwa raia wa nchi wanachama na zile zinazoshirikiana nayo, wanaokaribia kumaliza masta. Mimi niliingia kwa pasipoti ya Ubelgiji. Inaniuma, maana najua vijana wa kwetu wanaonishinda hesabu. Lakini data zenyewe hazina pasipoti! Data za Sentinel-1 ni bure kwa kila mtu, kupitia Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia. Programu ya kuzichambua, SNAP, ni bure pia. Zile nilizofungua Frascati ndizo utakazofungua wewe Katindo. Tatizo ni umeme, intaneti, na mashine: faili moja ni kubwa, gigabaiti kadhaa, na kompyuta yenye memori ndogo inakwama. Kwa hiyo jikusanyeni, mashine moja nzuri watu watano, na faili pakueni usiku.

Video ijayo nafungua akaunti mbele yenu, tunapakua ile jozi ya Mei 2021, tunatengeneza zile pete hatua kwa hatua. Wenye kompyuta, wekeni SNAP kuanzia leo, tusipoteze muda siku hiyo.