Otranto: mji unaosomeka kwenye kuta zake

Mabibi na mabwana, nianze na umbali. Otranto iko kisiginoni mwa Italia, na kutoka hapo hadi Albania ni kilomita kama 72 tu za bahari. Ndiyo maana kila mwenye merikebu aliutaka: Warumi, Wabizanti waliosema Kigiriki, Wanormani kutoka Ufaransa, wafalme wa Naples, Waosmani (yaani Waturuki), Venice, Hispania, hadi Italia ilipoungana mwaka 1861.

Wanormani walileta Kilatini na kuweka wakfu kanisa kuu mwaka 1088, lakini Wagiriki hawakunyamazishwa. Monasteri ya Casole, nje kidogo ya mji, ilisali na kunakili vitabu kwa Kigiriki hadi 1480. Na sakafu ya kanisa kuu mtu asiipite haraka. Kati ya 1163 na 1165 mtawa Pantaleone aliitandaza kwa vijiwe vya rangi: mti mmoja mrefu uliobebwa na tembo wawili, na matawini mwake wamo Nuhu, Aleksanda na Mfalme Arthur. Waosmani walilichukua kanisa hilo, wakaondoka, na mti ungalipo.

Tarehe 28 Julai 1480 jeshi la Waosmani, likiongozwa na Gedik Ahmed Pasha, lilishuka pwani. Mji ulianguka 11 Agosti. Siku tatu baadaye wanaume wapatao 800 waliuawa kilimani Minerva. Mifupa yao imo kanisani nyuma ya vioo. Inauma kuitazama. Lakini tukiishia kwenye machozi tutakosa kuuliza kwa nini ukuta ulishindwa.

Ukuta wa zamani ulijengwa kuzuia ngazi na mishale, kwa hiyo ulikuwa mrefu na mwembamba. Tufe la jiwe la mzinga likiupiga, unapasuka na kumwagika kwa nje. Kifusi kinajaza handaki, na adui anapanda juu yake kama anapanda mlima mdogo. Ukuta wenyewe umemjengea njia!

Mji ulirudi kwa Naples Septemba 1481, miezi minne baada ya Sultani Mehmed II wa Waosmani kufa, na mafundi wa Alfonso, mwana wa mfalme wa Naples, wakajenga upya. Ngome mpya ni fupi na nene, chini imetanuka kwa mteremko. Minara ni ya duara ili tufe liteleze, na matundu ya mizinga yako chini, yakielekea kando ya ukuta. Kasoro ikabaki: mbele ya mnara wa duara pana kipande cha ardhi ambacho hakuna mzinga unaokifikia, na adui akijibana hapo amesalimika. Wahispania ndio waliolitibu hilo katika karne ya 16, walipoongeza maboma yenye ncha upande wa bahari.

Kabla yao, mwaka 1496, mfalme wa Naples aliuweka mji rehani kwa Venice ili apate msaada dhidi ya Wafaransa, nayo Venice ikaushika hadi 1509.

Matufe ya mawe bado yako vichochoroni, kando ya milango ya watu. Yaangalieni kwanza, kisha mwende mkasimame chini ya ngome.