Nimetolewa uwanjani kwa kushangilia goli

Mnasikia hizo kelele? Huo ni uwanja, uko hapo nyuma yangu, ngoja nigeuze simu muone hizo taa. Mechi bado inaendelea, dakika ya 66 sasa hivi, na mimi niko huku nje barabarani na baridi hili kwa sababu nimetolewa. Nimetolewa jamani. Sijapigana na mtu, sijatukana, sijarusha chupa, nimeshangilia goli la timu yangu basi.

Shikamooni wazee wangu wote mnaonifuatilia, na nyie wadogo zangu wa Mwanjelwa, Soweto, Iyunga, Uyole mpaka Tukuyu kule, mambo zenu. Leo sikupanga kurekodi, niliwaahidi video ya mambo ya kupanga nyumba huku Uingereza na hiyo itakuja, ila hili limenikaa hapa kooni, nikifika nyumbani nikalala kesho sitalisema kama linavyotakiwa kusemwa.

Iko hivi. Kazini kwangu kuna mzee mmoja wa Kiingereza, tunapiga naye shifti ya usiku ghalani, mtu mzima, anakaribia kustaafu, mimi namuita mzee kwa Kiswahili hivyohivyo na ameshazoea anaitika. Ana tiketi ya msimu ya timu ya hapa, yeye na kijana wake, viti viwili vinafuatana. Leo kijana anaumwa, mzee akaniambia twende, kiti kipo. Tukiwa bado kwenye gari akanipa masharti, akasema tunakaa upande wa wenyeji, usivae jezi, usivae skafu, timu yako ikifunga wewe kaa kimya angalia chini. Nikasema sawa mzee. Nilichukulia kama vile mtu anavyokwambia leo usimtanie shemeji yako ameamka vibaya. Kumbe ni sheria, iko kwenye masharti ya tiketi, shabiki wa timu ngeni hakai upande wa wenyeji na akijulikana anatolewa.

Wageni wana kona yao. Ligi ya huku, Premier League, timu ngeni inapewa tiketi 3,000, au asilimia 10 ya uwanja kama uwanja ni mdogo, na bei yao tangu 2016 haizidi pauni 30, hilo la bei nalisifu kabisa. Ila wanaingia kwa geti lao, vyoo vyao, mpaka pa kununulia chai ni pao, halafu katikati yao na wenyeji kuna viti vitupu na mstari wa mastewadi, wale walinzi wa uwanjani. Na hizo tiketi za ugenini kuzipata ni kazi, timu nyingi wanawapa kwanza waliosafiri mechi nyingi, sasa mimi na hizi shifti nasafiri lini.

Basi tumekaa. Mzee kaja na chupa ya chai, kanimiminia kwenye mfuniko, kanipa na glavu za kijana wake maana kaniona natetemeka, hizi hapa bado ninazo mkononi, mnaziona. Dakika ya 58 kona ikapigwa, jamaa akaruka, kichwa, ndani. Nikasimama. Sikuamua kusimama, miguu ndiyo ilisimama, mikono iko juu nimeanza kutoa lile goo, halikufika hata mwisho mzee kashanidaka koti kwa nyuma ananivuta chini. Kimya. Kule mbali kona ya wageni wanaruka wanakumbatiana, huku kwetu vichwa vinageuka kimoja kimoja, mbele yangu kuna katoto ka miaka tisa hivi kamenigeukia kananiangalia kama mtu aliyekuta nyoka amelala kwenye kochi la sebuleni. Sitamsahau yule mtoto.

Akaja stewadi, kijana tu, jaketi la njano, redio koli mkononi, akaniuliza taratibu wewe unashabikia nani. Ningeweza kudanganya. Sikudanganya. Akasema samahani, naomba twende nje. Hakunigusa, hakunifokea, tena kwenye ngazi akaniambia angalia hapo pana utelezi, nalisema hili kwa sababu ni haki yake, anafanya kazi yake. Kilichoniuma ni mzee. Wameandika namba za viti vyake, na huku ukimpa mtu wa upande wa pili tiketi yako ya msimu wanaweza kukufungia, na yule mzee wangu kile kiti amekikalia kabla hata mimi sijaanza shule.

Nimesimama hapa tangu saa hizo mawazo yangu yote yako Sokoine, uwanja wetu wa Mbeya.

Mimi nilikuwa kijana msimu ule wa 2013/14, Mbeya City ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, kocha Juma Mwambusi, Mbeya nzima imevaa zambarau. Mjomba wangu ni Yanga, ile Yanga ya kurithi, ya kusikiliza kwenye redio ya mbao. Yanga ikija Mbeya tulikuwa tunatoka nyumba moja, yeye njano na kijani, mimi zambarau, tunapanda daladala moja, tunakaa mzunguko kwenye zege lilelile, mfuko wa karanga mmoja tunachota kwa zamu. Yanga ikifunga anasimama, anavua kofia ananipepea nayo usoni, pole sana mjomba, nikuitie mama yako? Watu wa zambarau wote pale wanaangua kicheko wanamjibu, kuna mama alikuwa anapita na ndoo ya mayai ya kuchemsha akamwambia baba Yanga wewe leo yai lako bei ya wageni. City ikirudisha ndio kazi inamgeukia yeye, tunamuimbia watu ishirini tumemzunguka, yeye ameinama anatafuna karanga hatazami mtu. Jioni tunarudi na daladala ileile bado tunatupiana maneno mpaka konda anaingilia.

Halafu sikilizeni. Msimu ulivyoisha Azam wakawa mabingwa, Yanga wa pili, City yetu ya tatu, Simba wa nne. Mjomba huyohuyo wa Yanga akawa anazunguka mtaani kifua mbele anasema timu yetu imeipita Simba. Timu yetu! Yaani alikuwa Yanga na City kwa pamoja na hakuna mtu aliyemuuliza kadi.

Sasa nawauliza nyie mnaosema tutenge majukwaa. Binamu yangu juzi kanipigia, ananiambia kule matawini kuna mjadala, kwamba Mbeya City imerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, timu kubwa za Dar zikija tuwape mashabiki wao upande mmoja na atakayekutwa upande wetu na jezi ya wageni atolewe, kama Ulaya. Ndio maana nimewasha kamera hapa hapa nje, na mimi Ulaya ndiyo hii nimesimama nayo. Mjomba mtamkalisha wapi? Nusu ya Mbeya ni Yanga, nusu iliyobaki Simba, na wote hao ni City au Prisons. Mgeni wa Sokoine ni nani? Ukichora mstari pale hauwagawi watu wa Dar na watu wa Mbeya, unapita katikati ya mtu mmoja, unapita katikati ya kochi la nyumbani kwetu. Mechi ya City na Prisons yenyewe, timu mbili za mji mmoja uwanja mmoja, hapo geti la wageni linafunguliwa lipi?

Na lingine, sisi Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Watani, hatusemi maadui. Mtani kazi yake anajulikana, anakuja mpaka msibani kwenu anakuchekesha unalia, na hawezi kukutania yuko mita mia kule nyuma ya mstari wa askari, lazima awe jirani, akuone macho, ajue akuachie wapi. Huku nimesikia nyimbo wanazorushiana kona kwa kona, nyingine za kuhusu watu waliokufa, na naamini kabisa mtu akiwa amekaa pembeni yako mnakunywa chai ya chupa moja ule wimbo huwezi kuuimba, ulimi unakataa.

Nisiwafiche, wenzetu hawa hawakuamka tu asubuhi wakatengana. Miaka ya 70 na 80 walikuwa wanapigana vibaya sana. Tarehe 29 Mei 1985 pale Heysel, Brussels, fainali ya Liverpool na Juventus, pembeni ya mashabiki wa Liverpool kulikuwa na eneo waliloliita la watu wasio na upande, tiketi zake nyingi zikaishia kwa Waitaliano, katikati kuna uzio mwembamba tu, Waingereza wakavuka, watu wakakimbilia ukutani, ukuta ukaanguka. Watu 39 wakafa, wengi Waitaliano. Klabu za Uingereza zikafungiwa Ulaya miaka 5. Kwa hiyo naelewa hofu yao imetoka wapi, siibezi.

Lakini angalieni Hillsborough, Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989. Liverpool na Nottingham Forest, nusu fainali. Pale mashabiki wa timu hizo mbili hawakuchanganyika hata kidogo, wote waliokufa walikuwa Liverpool watupu upande wao. Nje watu wamejaa, polisi wakafungua geti kubwa la kutokea, watu wakaingia kwa wingi moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati ambavyo vilishajaa, mbele kuna uzio wa chuma waliouweka kuzuia fujo, hakuna pa kutokea. Watu 97, wa mwisho akafariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Uzio uliowekwa kuwalinda watu ndio uliowabana. Baadaye uzio ukang'olewa, ikaja ripoti ya jaji mwaka 1990, viwanja vikubwa vikawekwa viti, na kuhesabu watu wanaoingia kukatiliwa mkazo.

Hapo ndipo nataka tuwaige! Mnataka kuiga Ulaya, igeni hesabu ya mageti. Kila aliye Mbeya anajua Sokoine siku ya Simba au Yanga pale getini kunakuwaje, watu wamebanana, watoto wanapitishwa juu ya vichwa, mwenye tiketi na asiye na tiketi wote kifua kwa kifua. Tiketi zisizidi uwezo wa uwanja, mageti ya kutokea yawe wazi na mtu amesimama hapo kuanzia kipenga cha kwanza, hela ya kujengea uzio wa wageni ipeni kazi hiyo. Hiyo nitachangia, nasema mbele yenu, binamu atakuwa shahidi.

Na haohao Waingereza wakienda raga wanakaa mchanganyiko, jezi tofauti bega kwa bega, tena na bia mkononi, wakati kwenye mpira wa miguu bia huruhusiwi kunywa ukiwa unauona uwanja. Pale Fulham, London, kando ya mto Thames, kwa miaka mingi walikuwa na jukwaa la wasio na upande, mtu yeyote anakaa. Ni watu walewale. Argentina wao wakafika mwisho kabisa, mwaka 2013 mashabiki wa ugenini wakapigwa marufuku, uwanja mzima upande mmoja. Ukianza kutenga hujui utaishia wapi.

Sisemi kwetu hakuna ubaya. Nimeshaona kwa macho yangu kijana anavuliwa jezi nje ya uwanja, anabaki kifua wazi mwezi wa saba, na mwezi wa saba wa Mbeya mnaujua, watu wamemzunguka wanacheka. Ule haukuwa utani, mtani hakuachi na baridi. Wa kutolewa ni wale waliomvua, siyo yeye aliyevaa. Na mimi siku ile nilipita, sikusema kitu, nimelikumbuka leo wakati nashuka zile ngazi.

Mdogo wangu mmoja alikuwepo Mbarali, Novemba 2022, Ihefu walipoifunga Yanga 2-1 na kuvunja mechi 49 bila kufungwa. Yeye Yanga, amekaa katikati ya Ihefu watupu. Alinipigia video mpira umeisha, nyuma yake watu wanacheza, yeye amepakwa vumbi la Ubaruku kichwa kizima, ananiambia kaka wamenimaliza, huku mtu mmoja simjui amemkumbatia shingoni anamuonyesha kwenye kamera kama samaki aliyemvua. Walienda kula wali pamoja, wali wa Mbarali, na yule jamaa ndiye aliyelipa. Ihefu yenyewe siku hizi haipo, ilihamia Singida ikabadilishwa jina, ila wale wawili mpaka leo wanapigiana simu kila Yanga ikicheza.

Ngoja kwanza... kuna mtu anatoka pale getini. Kipenga bado hakijalia, mnasikia bado wanaimba. Ni mzee. Ameacha mechi dakika kumi na kitu zimebaki, hajawahi huyu, huwa ananisimulia kwamba hajawahi kutoka kabla ya kipenga. Ana chupa ya chai kwapani, anaangalia huku na huku ananitafuta.

Mzee! Niko huku!