Mwalimu wa Mtoto Huyu ni Nani?

Ndugu walimu, wazazi, na ninyi maofisa mliojibana karibu na mlango,

Habari ya Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu jumuishi, yaani watoto wenye mahitaji maalumu wasome pamoja na wenzao, na ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 mnazijua, sizirudii. Wanaonifahamu wanajua nitaanza na mwalimu msaidizi, yule anayekaa darasani na mtoto mwenye mahitaji maalumu, na kweli naanza naye. Mtanivumilia tena.

Ingieni darasani kimyakimya, mkae nyuma. Kipindi ni cha hisabati. Mtoto mwenye mahitaji maalumu yuko dawati la pembeni, na bega kwa bega naye kakaa mtu mzima, kidole juu ya daftari. Mtoto akisita kidogo kwenye kujumlisha kwa kubeba, kidole kimeshamwonyesha. Penseli ikidondoka, mtu mzima ameshaiokota. Mwalimu anapita akikagua kazi. Akifika hapo hamuulizi mtoto, anamuuliza msaidizi: "Amemaliza?" Naye anajibu: "Tumemaliza." Tiki inawekwa, na mtoto hajakokotoa hata tarakimu moja!

Mtaniambia angalau yuko darasani na wenzake. Yuko, ndiyo. Lakini Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa 2006 ilishaeleza mwaka 2016 kwamba kumweka mtoto katika darasa la kawaida bila kubadili ufundishaji wala mpangilio wa shule hakutoshi kuitwa elimu jumuishi.

Wala si hasira zangu tu. Uingereza kulifanyika utafiti mkubwa kuhusu wasaidizi wa darasani kati ya 2003 na 2008, matokeo yakatangazwa 2009. Wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliopata kidogo. Najua mnachotaka kusema: bila shaka, si ndio waliokuwa na shida kubwa zaidi? Watafiti nao walilifikiria hilo. Walizingatia kiwango alichoanza nacho mtoto na mahitaji yake, tofauti ikabaki palepale.

Tafadhali, asitoke mtu hapa akaenda kuwasema wasaidizi. Wengi hukabidhiwa mtoto bila maandalizi, hawapati hata dakika ya kuongea na mwalimu kabla ya kipindi. Somo la leo wanalisikia pamoja na mtoto. Kisha wanaambiwa wahakikishe kazi imekamilika. Basi wanaikamilisha! Matokeo yake, mtoto anayehitaji utaalamu kuliko wote anaachiwa mtu aliyepata mafunzo machache kuliko wote. Hospitalini tungekubali mgonjwa mahututi atibiwe na mlinzi wa getini?

"Kwa hiyo unataka tumwondoe msaidizi, mtoto abaki anahangaika?" La. Nataka wapokezane. Msaidizi azunguke darasani awasimamie wanaoweza kuendelea wenyewe, mwalimu avute kiti akae na huyu mtoto. Na zamu ya msaidizi ikifika, asubiri. Ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hajafungua mdomo, ndipo aulize: "Unadhani tuanzie wapi?" Mtoto akikwama, ampe dokezo. Akizidi kukwama, wafanye mfano mwingine pamoja, kisha arudi mwenyewe kwenye swali lake. Na wakati wa mapumziko msaidizi akae mbali kidogo, maana watoto hawamkaribii mwenzao mwenye mtu mzima ubavuni.

Mengine nayataja mbiombio, muda umeliwa na mlaji ni mimi. Una mtoto mwenye ugumu wa kusikia? Usiongee huku umeugeukia ubao. Anasoma midomo yako, si kisogo. Mwenye uoni hafifu, msomee kwa sauti unachoandika. "Hapa" na "pale" hazimsaidii. Katika mpango binafsi wa elimu, ule unaoandikiwa mtoto mmoja mmoja, "ataimarika katika kusoma" si lengo, ni dua. Andika atasoma nini, kufikia lini, nani atampima. Kwenye mitihani, muda wa ziada haumfai asiyeweza kuyasoma maswali; asomewe. Nilikuwa na la wazazi pia, naliacha.

Wakuu wa shule, kwenye ratiba ya wiki ijayo tafuteni robo saa ya mwalimu na msaidizi kukaa pamoja kabla ya kipindi. Msiniambie ratiba imejaa. Vikao vya kupanga vikao huwa mnavipatia nafasi. Haya, maswali.