Seli Iliyovimbiwa Haizalishi

Habari za asubuhi, ndugu wanafunzi. Itazameni chupa hii ya kulelea seli. Juzi majimaji yake yalikuwa mekundu. Leo ni manjano kama maji ya bizari. Rangi ile ni fenoli nyekundu, nayo inatuambia kwamba chupani mmeingia uchachu. Seli zilikuta glukosi tele, zikaibugia, zikatoa asidi ya laktiki hadi makazi yao yenyewe yakaharibika. Shibe ndiyo iliyoziponza, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Hizi ni seli za ovari ya hamsta wa China, mnyama mdogo afananaye na panya, ukoo ulioanzishwa na Theodore Puck huko Marekani mwaka 1957. Tunazilea zitutengenezee protini za dawa. Mtaniuliza kwa nini tusitumie bakteria, ambao ni wepesi na rahisi kulea. Kwa insulini wanatosha. Lakini chukueni erithropoietini, anayodungwa mgonjwa wa figo aliyepungukiwa damu: ina asidi amino 165, yaani vipande vinavyojenga protini, na sehemu nne zilizopachikwa minyororo ya sukari. Bila minyororo hiyo, mwili huiondoa upesi kabla haijafanya kazi. Bakteria wa kawaida hawajui kuipachika. Seli ya mamalia inajua.

Miaka ya 1980 lita moja ya malezi ilitoa miligramu kadhaa za protini, ikizidi sana makumi. Leo kingamwili za dawa hufika gramu kadhaa kwa lita. Uteuzi wa seli zenye nakala nyingi za jeni ulichangia, sikatai. Ila kwa maoni yangu sehemu kubwa ya faida ilitokana na malezi.

Kwanza chakula: kiongezwe kidogo kidogo kwa siku kumi hadi kumi na nne, glukosi ibaki chini, isiishe. Kisha joto. Seli hukua vizuri kwenye nyuzi 37. Zikishakuwa nyingi, shusheni hadi 32 au 33. Zitapunguza kugawanyika, zitaishi muda mrefu zaidi, na mara nyingi kila moja itatoa protini nyingi kuliko awali. Mkiwahi kushusha, mtabaki na seli chache. Mkichelewa, zimeshaanza kufa. Tena koo za seli hazifanani, kwa hiyo kila ukoo upimwe upya.

Na hewa tunayoipuliza ndani je? Seli hizi hazina ukuta kama wa bakteria. Povu linapopasuka juu ya maji huzichana, ndiyo maana tunaweka poloksama 188, kemikali ya kuzikinga, ili zisigande kwenye mapovu.

Naomba pia msishangilie gramu peke yake. Amonia, taka ya seli zenyewe, ikizidi, minyororo ya sukari hutoka pungufu, na anayeumia ni mgonjwa.

Mchana kila kundi litachukua chupa mbili. Moja ibaki nyuzi 37, nyingine mtaishusha siku ya nne. Hesabuni seli hai kila asubuhi, saa ileile, na muandike hata siku ambayo namba haiwapendezi.